Lanet ina makumbusho ya kilimo, ila hayajaitwa hivyo

Kati ya Lanet na katikati ya jiji la Nakuru, barabara kuu itokayo Nairobi inapita karibu na kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, jina walilokipa walowezi kwa sababu ya pimbi waliojaa katika nyufa zake. Nyumba ndogo iliyopo hapo ni makumbusho yaliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Vitabu vya shule na vipeperushi vya utalii hupaeleza kama mahali pa mambo ya kale: mifupa, vigae, visu vya jiwe jeusi la volkano, na safu za mashimo ya bao zilizochongwa mwambani. Maelezo hayo ni ya kweli. Kasoro yake ni moja, kwamba yanamfanya mkazi wa Lanet anayefuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba aamini kuwa ya kilimani ni ya wataalamu na ya wanafunzi wa ziara, wala hayamhusu. Nadhani mambo ni kinyume kabisa. Hyrax Hill ni makumbusho ya kilimo na ufugaji tangu siku mchanga wake wa kwanza ulipochekechwa, na kama yatakua au yatadumaa kutategemea kama yataipa karne ya mwisho ya wakulima wa hapa uzito uleule yanaoupa miaka elfu tatu iliyotangulia.

Tuanze na kilichotoka ardhini. Louis Leakey alikitambua kilima hiki mwaka 1926, alipokuwa akichimba makaburi ya kale karibu na Nakuru. Mary Leakey akaja kuchimba mwaka 1937 na 1938, na mwaka 1943 eneo likatangazwa kuwa mnara wa kitaifa. Alichokipata ni masalio ya watu waliofuga. Katika makaburi ya zama za mwisho za mawe, wanawake walizikwa pamoja na vyombo bapa vya mawe, na wanaume hawakuzikwa navyo. Vyombo vilikuwa vya nini hasa, wataalamu wangali wanabishana, lakini ni vigumu kuliangalia jiwe lililochongwa kwa jasho jingi namna ile bila kufikiria chakula na aliyekiandaa. Kwenye pango la mto Njoro, si mbali na hapa, akina Leakey walikuta vyombo vya mawe pamoja na mabaki ya watu waliochomwa kabla ya kuzikwa, yapata miaka elfu tatu iliyopita. Na mwaka 2020 watafiti waliopima mafuta yaliyonyonywa na vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania walithibitisha kuwa maziwa yalikuwa ndani ya vyungu hivyo. Kwa hiyo mama anayepeleka lita zake za asubuhi kwa mchuuzi wa Lanet anaendeleza kazi iliyoanza katika bonde hili kabla ya chuma kufika.

Kisha wakaja watu tunaowaita Wasirikwa, kati ya mwaka 1200 na 1700 hivi. Alama yao ni mashimo ya mviringo yaliyotapakaa nyanda za juu za magharibi na katikati ya Bonde la Ufa. Merrick Posnansky alichimba ya Lanet mwaka 1957, na vyungu vilivyopambwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi vikapata jina katika maandishi ya elimu-kale: vyungu vya Lanet. Si vijiji vingi vya Kenya ambavyo jina lake hutajwa kwenye vyuo vikuu vya dunia kwa sababu ya chungu. Lakini kisa chenyewe cha mashimo ndicho chenye mafunzo zaidi. Kwa miaka mingi wasomi waliyaona kama nyumba, mahandaki ya watu waliojificha ardhini. Ni John Sutton aliyeonyesha, kwa uchimbaji wake, ukiwemo wa hapahapa Hyrax Hill katika miaka ya 1980, kwamba yalikuwa mazizi. Ng'ombe, mbuzi na kondoo waliingizwa shimoni usiku kupitia mlango mmoja mwembamba, nyumba ya kuishi ikabandikwa ubavuni, na samadi iliyozolewa kila asubuhi ikarundikwa nje mpaka ikawa kichuguu. Simulizi za Wakalenjin zilikuwa zimeyahusisha mashimo hayo na watu wenye ng'ombe wengi muda mrefu kabla ya hapo. Yeyote aliyewahi kusafisha zizi angeuliza mapema mavi yalikwenda wapi. Hapo ndipo elimu ya mkulima inapokuwa elimu kamili, na makumbusho yanayomwona kama mtazamaji tu yanajinyima mwalimu.

Jengo lenyewe ni kielelezo ambacho mgeni hukanyaga bila kukisoma. Vyumba vya maonyesho vimo katika nyumba ya shamba ya mlowezi, Bi. Selfe, ambayo ilipewa mnara huo na kufunguliwa kwa umma mwaka 1965, baada ya kifo chake. Mwaka huo, miaka miwili tu tangu uhuru, mashamba kote Nakuru yalikuwa yakibadilisha mikono, kwa bei, kwa mkopo na kwa ugomvi. Nyumba ya mzungu kugeuka kuwa makumbusho ya watu waliofuga kabla yake ni tukio la historia ya ardhi kama lilivyo tukio la elimu-kale. Tangu hapo vyumba vitatu vimebeba vitu vilivyochimbwa na vyombo vya jamii za Bonde la Ufa. Uzito uko kwenye ya kale na kwenye mila. Karne iliyoufanya uso wa Lanet uwe kama ulivyo, yaani reli, walowezi, maskwota, kampuni za ardhi na ploti, imeachiwa vitabu.

Karne hiyo haina uhaba wa vitu. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika sehemu hii ya bonde kwa mkataba wakapelekwa Laikipia, kisha miaka michache baadaye wakaondolewa huko pia. Ardhi iliyoachwa bila mwenyewe ikawa mashamba makubwa, nayo mashamba hayangelimwa bila watu. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kulima kipande chake na kulisha mifugo yake kwenye shamba la bwana. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, ambaye kitabu chake cha 1987 juu ya maskwota hakijapitwa, ameeleza jinsi mifugo hiyo ilivyofagiliwa katika miaka ya 1920 kwa kampeni ambayo wenyewe waliiita kifagio, na jinsi sheria ya 1937 ilivyowapa walowezi nguvu zaidi za kupunguza ng'ombe na ekari za vibarua wao. Kibuyu cha maziwa cha familia iliyopoteza mifugo kwa kifagio hakitofautiani kwa sura na kibuyu kingine chochote. Kikiwekwa katika chumba cha mila huwa pambo. Kikiwekwa kando ya sheria ya 1937, na jina la shamba na idadi ya ng'ombe waliouzwa kwa lazima, kinaeleza kwa nini Nakuru ilikuwa na hasira ilipofika miaka ya 1950.

Lipo zao moja, pareto, ambalo kutokuwa na makumbusho yake mjini Nakuru ni jambo la kushangaza. Lanet yenyewe si nchi ya pareto, kwani ua lile hupenda baridi ya juu, ya Molo, Mau Narok na Kinangop, lakini maua yaliteremshwa Nakuru kukamuliwa. Zao lilianza Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Vita vya Pili vya Dunia vilipowafungia Wajapani soko, Kenya ikawa mzalishaji mkuu duniani, na ikakaa kileleni kwa miongo kadhaa. Baada ya uhuru, kazi ikahamia kwa wakulima wadogo na vyama vya ushirika. Ua lilichumwa kwa mkono, tena na tena katika msimu mmoja, hasa na wanawake na watoto, likaanikwa, likatiwa guniani. Mkulima hakulipwa kwa kilo peke yake. Alilipwa kwa kiasi cha dawa ya wadudu iliyopatikana ndani ya ua baada ya kupimwa maabara, na hapo ndipo maneno yalipoanzia, maana mizani ya kijijini kila mtu aliiona, lakini kipimo cha maabara hakuna aliyekiona. Malipo yakachelewa kwa miezi, baadaye kwa miaka. Dawa za viwandani zilizoiga ile ya pareto zikashusha bei. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wengi walikuwa wameshang'oa maua na kupanda viazi. Kisa hiki kina sayansi, kina biashara ya dunia, kina jasho la wanawake, kina uongozi mbaya, na vifaa vyake, kuanzia vichanja vya kukaushia hadi stakabadhi za malipo yasiyofika, vimo katika maghala na masanduku ya watu walio hai.

Baada ya pareto, ploti. Kampuni za kununua ardhi zilizoenea Nakuru katika miaka ya 1960 na 1970, Ngwataniro ikiwa miongoni mwa zilizojulikana zaidi, ziliwakusanya watu wenye shilingi chache wakanunua shea, kisha wakaokota kura kujua nani angepata kipande gani. Wengine walingoja hati miliki kwa miongo. Shamba moja la mlowezi likawa mamia ya vishamba, na vishamba vikaanza kukatwa tena kwa ajili ya watoto, halafu kwa ajili ya nyumba za kupangisha. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti na watu 2,162,202, na Desemba 2021 Nakuru ikapewa hadhi ya jiji. Lanet ni mahali ambapo mabadiliko haya huonekana kwa macho: kambi ya jeshi, kituo cha utafiti wa ng'ombe wa nyama cha shirika la KALRO, mahindi na maharagwe, halafu ghorofa. Stockholm ilipitia jambo kama hili mwishoni mwa karne ya 19, wakulima walipokuwa wakihamia viwandani. Mwaka 1891 Artur Hazelius alifungua makumbusho ya Skansen, akahamishia pale nyumba nzima za mashambani, ghala na zizi, zingali na watu wa kueleza zilivyotumika. Aliwahi wakati wake. Wengi waliomwiga baadaye walikuta magofu.

Wapo watakaosema kazi hiyo imeshafanywa Njoro. Kasri la Lord Egerton, lililoanza kujengwa 1938 na kukamilika 1954, liko wazi kwa wageni, na chuo kikuu kilichotokana na shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 kina haki ya kujivunia. Wala siwaombi walifunge. Ila kasri hueleza shamba kutoka barazani. Mgeni huonyeshwa ukumbi wa dansi na husimuliwa kisa cha bwana aliyewachukia wanawake, huondoka akicheka, na aliyekamua, aliyepalilia na aliyepiga plau hubaki bila jina. Nyumba ya Hyrax Hill ni ndogo, haina fahari ya kuficha lolote, na imezungukwa na kazi za watu wasioandikwa. Kwa somo la kilimo hiyo ni faida.

Pingamizi la pili lina sauti ya mkulima mwenyewe: majembe yaliyochakaa ni chuma chakavu, na umaskini wa jana hauna cha kusherehekewa. Namwelewa, na ningekubaliana naye kama tungekuwa tunazungumzia mapambo tu. Lakini kilimo kina tabia ya kurudi nyuma kutafuta kilichotupwa. Lord Delamere, aliyepata ardhi kubwa Njoro mwaka 1903, aliona ngano yake ikiliwa na kutu mpaka akalazimika kugharimia utafiti wa mbegu. Serikali ya kikoloni ikafungua kituo cha kuzalisha mbegu hapo Njoro mwaka 1927. Kutu mpya ya shina, Ug99, ilipogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuitisha dunia nzima, ni Njoro ambako aina za ngano kutoka mataifa mengi zililetwa zipimwe, na kinga nyingine zilitafutwa katika mbegu za zamani ambazo hakuna mkulima aliyekuwa akizipanda tena. Gilgil, katika kaunti hiihii, shirika la Seed Savers Network limekuwa likiwasaidia wakulima kuhifadhi mbegu za asili katika benki za kijiji, wakati sheria ilikuwa ikitishia kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja kwa anayeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa. Wakulima 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Makumbusho ya Lanet yenye rafu ya mtama, wimbi na maharagwe yanayoota, pamoja na nakala ya hukumu hiyo, yangekuwa na wageni wanaokuja na mifuko.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Nakuru imemwaga damu kwa ajili ya swali la nani alitangulia, mwaka 1992, Januari 1998 huko Njoro, na tena baada ya uchaguzi wa 2007. Kuleta chumbani mkataba wa Wamaasai, madai ya Wakalenjin juu ya urithi wa Wasirikwa, mateso ya maskwota ambao wengi wao walikuwa Wakikuyu, na vyeti vya shea, ni kukusanya kuni kavu mahali pamoja. Anayesema tusiguse hana woga wa bure. Hata hivyo, kunyamaza hakujawahi kuyafuta madai haya, kumeyaacha tu mikononi mwa wanasiasa wa majukwaani, ambao hawahitaji ushahidi. Kilima kinaonyesha tabaka juu ya tabaka: wafugaji wa mawe, pengo la karne nyingi, Wasirikwa, kisha Wamaasai waliowameza baadhi ya Wasirikwa huku wengine wakiingia kwa Wakalenjin, kisha mlowezi, kisha wenye shea. Hakuna tabaka lililo la kwanza kiasi cha kuwafukuza wengine, wala la mwisho kiasi cha kuwasahau. Sharti langu ni kwamba makumbusho yasijifanye baraza la ardhi. Yaeleze kila kundi lilivyolima na kufuga na lilivyopoteza, na kila kitu kiandikwe kimetoka kwa nani na kwa ridhaa gani. Kenya ina uzoefu wa hili. Katika miaka ya 1990 Sultan Somjee, aliyekuwa mkuu wa idara ya utamaduni wa jamii katika Makumbusho ya Kitaifa, alisaidia kuanzisha makumbusho ya amani ya vijijini, ambamo vitu kama leketyo, mkanda wa mama ambao Wapokot huutumia kuzuia vita, vilikusanywa kwa sababu wazee walijua kazi yake. Somjee aliwaanza watu, akaacha vitu vifuate.

Na pesa? Zahanati haina dawa, wewe unataka rafu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka makumbusho katika kazi za kaunti na kuiachia serikali kuu minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Hyrax Hill iko katikati ya mstari huo: mnara ni wa taifa, lakini ukumbi wa pareto, wa ng'ombe wa maziwa na wa kampuni za ardhi ni kazi halali ya kaunti, na haudai jengo jipya kwenye ardhi iliyohifadhiwa, ambayo kwa kweli isichimbwe kwa ajili ya msingi wa mtu yeyote. Ghala la mabati nje ya mipaka ya mnara linatosha kwa kuanzia. Tazama Bujora, karibu na Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma yaliyofunguliwa huko mwaka 1968, yakiwa tunda la juhudi za Padre David Clement kutoka Kanada, hayakuwa na utajiri wowote. Yalikuwa na nyumba ya mhunzi, vifaa vya shamba na ngoma, na zaidi ya vyote yalikuwa na Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ambao ushindani wao ni wa jadi na ambao hukutana kila Juni kwenye sikukuu ya Bulabo. Wanaokuja ni wakulima, na wanakuja kushindana. Sidhani Lanet inaweza kuiga Bulabo, kwa kuwa watu wake wametoka pande nyingi na hawana ngoma moja. Wana maziwa, wana mbegu, na wana maonyesho ya kilimo ya Nakuru ambayo kwa miaka mingi yamewakusanya kutazama fahali wa kila mmoja, na hapo upo ushindani wa kutosha.

Kama ni kuchagua pa kuanzia, ningeanza na pareto na vyeti vya shea, kabla ya majembe. Jembe linaweza kungoja miaka hamsini mingine. Waliofanya kazi kiwandani wakiujua mtambo kwa mlio wake, mama waliochuma mpaka vidole vikageuka rangi, na makarani wa kampuni za ardhi wanaokumbuka kura ziliokotwa kwa utaratibu gani, sasa ni wazee. Stakabadhi zao ni karatasi nyembamba ambazo mchwa huzimaliza kwa msimu mmoja wa mvua. Kinasa sauti, kabati la chuma na daftari la kuandikia jina la mtoaji vinagharimu kidogo kuliko uzinduzi wa kawaida wa mradi wa kaunti, pamoja na hema lake na soda zake.